Tangawizi ya Same: Fimbo ya mbali yaweza kuua nyoka

WAFANYABIASHARA wanaonunua tangawizi ya Milima ya Upare kwa kutumia vibarua na mawakala wasioonana nao wanapaswa kupanga kazi hiyo kabla ya lori kuondoka Dar es Salaam. Wengi huona bei ya shambani ndiyo gharama kuu, kumbe faida huvuja zaidi katika siku za kusubiri, mzigo usiolingana na makubaliano na malipo yasiyo na kumbukumbu.

Tangawizi ya Wilaya ya Same hulimwa zaidi upande wa mashariki, katika maeneo ya Mamba na Miamba, ambako pia kilijengwa kiwanda cha kusindika zao hilo. Mashamba ni madogo na yametawanyika mabondeni na kwenye miteremko. Anayetaka kujaza lori hana budi kuwategemea watu wengi kwa siku chache: wachimbaji, waoshaji, wabebaji, wapakiaji na wakala wa kuwaunganisha. Hawa si waajiriwa wake. Kila mmoja ana shamba lake, na pengine siku hiyo hiyo ana kazi ya mnunuzi mwingine.

Zamani mnunuzi wa mjini alilazimika kupanda mlima mwenyewe au kutuma barua na kusubiri. Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, na huduma ya M-Pesa ikaanza mwaka 2008. Leo mtu aliyeko Kariakoo anaweza kuagiza mzigo na kulipa bila kuinuka kitini. Urahisi huo umewafanya baadhi waamini kwamba kupiga simu mara kwa mara ndiko kusimamia kazi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa mnunuzi asiye na mpango usemi huo bado ni kweli.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei za soko. Mnunuzi anataka tani 6 siku ya Alhamisi kutoka kwa makundi matatu, kila moja tani 2. Jumatatu anasogeza siku ya kupakia, lakini anamwarifu kiongozi mmoja tu. Makundi mawili yanachimba Jumatano kama walivyoelewana mwanzo, na la tatu linachimba siku mbili baadaye. Lori linasubiri siku mbili kwa Sh 200,000 kwa siku, yaani Sh 400,000. Tani 4 zilizokwisha chimbwa zinapoteza asilimia 3 ya uzito kwa kunyauka, sawa na kilo 120. Kama kilo ilinunuliwa kwa Sh 2,000, hiyo ni Sh 240,000 nyingine. Jumla ya hasara ni Sh 640,000, au karibu Sh 109 kwa kila kilo iliyobaki. Ujumbe mmoja uliokwenda kwa mtu mmoja badala ya watatu ndio uliokula fedha hiyo.

Yafuatayo yanaweza kuzuia hasara ya aina hiyo.

Kwanza, eleza kazi kwa kipimo. Kusema "nataka mzigo mzuri" hakumsaidii kibarua. Taja kilo, siku ya kuchimba, kama tangawizi ioshwe au iletwe na udongo wake, na kama vipande vilivyokatwa kwa jembe vitapokelewa. Kipimo kiwe mizani. Gunia la lumbesa ni kosa chini ya sheria ya vipimo, na ni chanzo cha ugomvi kati ya mnunuzi na mkulima.

Pili, mabadiliko yatoke kwa mtu mmoja na yawafikie wote kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, nao una uzito kisheria chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Mtake kila kiongozi wa kundi ajibu kwa kurudia siku na kiasi. Akijibu "sawa" tu, hujajua alichoelewa. Aidha, kubalianeni saa maalumu ya kuzungumza, kwa mfano jioni, kwani mchana mtu yuko bondeni ambako mawasiliano hukatika.

Tatu, gawa malipo kwa hatua. Sehemu itolewe kazi inapoanza, nyingine mzigo ukipimwa, na iliyobaki ukipakiwa. Anayelipa yote mwanzo hubaki kuomba, na anayezuia yote hadi mzigo uuzwe Dar es Salaam humkopa kibarua bila ridhaa yake. Kibarua huyo msimu ujao atakwenda kwa mnunuzi mwingine. Inapowezekana, mlipe kila mmoja kwenye simu yake, usimwachie wakala fedha za wote.

Nne, heshimu mvua na mlima. Novemba 2009 maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, eneo la Mamba Miamba, yaliua watu zaidi ya 20. Wakati wa vuli na masika, usimshinikize mtu kwa simu apakie usiku au apite njia iliyolowa ili uwahi soko. Aliye pale ndiye anayeona hali ya mteremko, na neno lake liwe la mwisho. Siku ya akiba iwekwe katika hesabu tangu mwanzo.

Tano, fahamu sheria. Kumwita mtu "kibarua huru" hakutoshi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa humo lipo. Miongoni mwa hayo ni kuelekezwa namna na saa za kufanya kazi, kupewa vitendea kazi, kumfanyia kazi mtu mmoja tu, au kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wakala anayekufanyia kazi mwaka mzima anaweza kudai haki za mwajiriwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni nafuu kuandikiana mkataba mapema.

Wapare wenyewe wana uzoefu wa siku nyingi katika jambo hili. Katika msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji na ndiva za kuhifadhi maji, kila mtu hujua siku, sehemu yake na faida atakayopata: maji shambani. Mnunuzi wa mbali hana maji ya kugawa, lakini anaweza kutoa mambo yale yale, yaani siku inayojulikana, kazi iliyopimwa na malipo ya uhakika.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri ni kuanza na kundi moja na tani chache. Weka daftari la siku, kilo, ujumbe uliotumwa na fedha iliyolipwa. Baada ya safari tatu daftari hilo litakuonyesha ni kundi lipi linalotimiza ahadi, na kama wewe mwenyewe umekuwa ukitimiza zako. Hapo ndipo uamue kuongeza lori la pili.