Kundi Lifungue Mlango, Jina Litoe Ushahidi

Daftari la alama ambalo zamani lilifungiwa kabatini, ufunguo ukakaa mfukoni mwa mwalimu mkuu, siku hizi katika shule na vyuo vingi limo ndani ya programu ya mtandaoni. Hufunguliwa kwa neno la siri, hata na mtu aliyeko mbali. Je, nani aruhusiwe kuzisoma alama hizo, na nani aruhusiwe kuzibadilisha?

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kumtambua mtu ni jambo moja, kumpa idhini ni jingine. Neno la siri huithibitishia programu kwamba huyu ndiye fulani. Halisemi fulani ana ruhusa ya kufanya nini.

Kumwandikia kila mtu idhini zake, mmoja mmoja, ni kazi ya kuchosha, na anayehama husahauliwa akaenda nazo. Ndiyo maana mnamo 1992 Wamarekani David Ferraiolo na Richard Kuhn walieleza mfumo wa kuambatanisha idhini na wadhifa. Mhasibu, msajili, mwalimu wa darasa: kila wadhifa una mipaka yake. Anayeuacha huondolewa kundini, na idhini zake zote humtoka papo hapo.

Kwa msemaji wa Kiswahili mpango huu si mgeni. Nomino haijichagulii viambishi. Hupewa na ngeli yake. Hata hivyo, umbo pekee hudanganya. "Kiongozi" lafanana na "kitabu", lakini twasema kiongozi amefika, wala si kimefika. Vivyo hivyo, kuitwa mwalimu hakutoshi kumpa mtu haki ya kugusa alama za kila darasa. Mwalimu wa Kemia na aandike alama za Kemia, tena za wanafunzi wake tu. Tangu 1975 wataalamu Jerome Saltzer na Michael Schroeder walishauri kwamba kila mtumiaji apewe idhini zile tu zinazohitajika kwa kazi yake.

Wapo watakaosema haya ni urasimu, kwamba ni rahisi zaidi ofisi nzima itumie neno moja la siri. Sikubaliani nao. Alama 48 ikigeuka 84, kumbukumbu za programu zitasema tu kwamba "ofisi" ndiyo iliyobadilisha. Ofisi haina uso. Mwalimu asiye na hatia atashukiwa, na mwanafunzi aliyejitahidi atapokonywa nafasi yake na asiyestahili.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazitaka taasisi zetu zilinde taarifa za watu. Basi kila mwisho wa muhula, wakuu wasome orodha ya kila kundi, wawaondoe waliohama na waliobadilishiwa kazi. Na kila aingiaye, aingie kwa jina lake mwenyewe.