Kavenoma ya Ubongo: Maradhi na Jina Lake

Neno mshipa limebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ni njia ya damu. Ni neva ipelekayo hisi. Ni kano iungayo msuli na mfupa. Na kwa watu wengi ni jina la ugonjwa wa ngiri pia. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutosha kubainisha maana iliyokusudiwa. Lakini mgonjwa aambiwapo kwamba ana kasoro ya mshipa kichwani, huenda akafahamu jambo ambalo tabibu hakulisema. Upungufu huo waonekana wazi katika maradhi yaitwayo na matabibu kavenoma, jina lililotokana na neno la Kilatini caverna, yaani pango. Ili lipatikane jina la Kiswahili lifaalo, hapana budi kitu chenyewe kieleweke kwanza.

Umbo na Sababu Zake

Kavenoma ni mkusanyiko wa vijishimo vya damu vyenye kuta nyembamba mno, vilivyoshikamana pasipo nyama ya ubongo baina yao. Kwa umbo hufanana na tunda la forosadi. Damu iliyomo hupita polepole na kwa msukumo mdogo. Kwa hiyo ukuta unapolegea, mara nyingi damu huvuja kidogo kidogo badala ya kufoka. Hukadiriwa kwamba hadi mtu 1 katika kila 200 anayo, na wengi huishi maisha yao yote bila ya kujua.

Ziko namna mbili kuu. Ya kwanza humpata mtu pasipo kurithiwa. Kwa kawaida huwa moja tu, na mara nyingi hukaa kando ya vena iliyoumbika isivyo kawaida. Ya pili hurithiwa, nayo huleta kavenoma nyingi ambazo huongezeka kadiri umri unavyoendelea. Jeni tatu zahusika, nazo ni KRIT1, CCM2 na PDCD10, zilizotambuliwa kati ya 1999 na 2005. Zikiwa nzima, husaidia chembe za ukuta wa mshipa wa damu kushikana barabara. Mzazi mwenye kasoro katika mojawapo aweza kumrithisha kila mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu. Katika New Mexico, Marekani, familia nyingi zenye asili ya Kihispania zina kasoro ile ile moja ya KRIT1, iliyotoka kwa mhenga wao mmoja. Tena wako watu wachache ambao kavenoma huwatokea miaka mingi baada ya ubongo wao kutibiwa kwa mionzi.

Utambuzi

Dalili hufuata mahali kavenoma ilipo: kifafa, maumivu ya kichwa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au kuona vitu viwili viwili. Florence Griffith Joyner, mwanariadha Mmarekani aliyeweka rekodi za dunia za mbio za mita 100 na 200 mwaka 1988, alifariki usingizini mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 38, baada ya kushikwa na kifafa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kavenoma katika ubongo wake.

Picha ya mishipa ipigwayo baada ya kutiwa dawa ya kuonyesha njia za damu huwa haioni kitu, kwa kuwa damu ya humo yapita polepole mno. Picha ya CT nayo yaweza kuikosa iliyo ndogo. Kipimo cha kutegemewa ni MRI, ambacho huionyesha mfano wa bisi iliyozungukwa na pete nyeusi. Pete hiyo ni chuma kilichosalia katika damu iliyovuja zamani.

Tiba

Hapana dawa iliyothibitishwa kuiondoa. Isiyo na dalili kwa kawaida huangaliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara, na kifafa hutibiwa kwa dawa zake. Upasuaji hufikiriwa endapo imevuja, au kifafa hakitulii, nayo ipo mahali panapofikika. Iliyo katika shina la ubongo hudai tahadhari kubwa zaidi, na tiba ya mionzi ingali na mabishano. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha tofauti kubwa ya hatari: katika muda wa miaka 5, kavenoma iliyo nje ya shina la ubongo na isiyopata kuvuja huvuja kwa wagonjwa wapatao 4 katika 100, iliyo ndani ya shina na iliyokwisha kuvuja, kwa wapatao 31.

Jina

Kutokana na hayo, majina mawili yajayo upesi ulimini hayafai. Uvimbe humfikisha msikiaji kwenye saratani, na kavenoma si saratani wala haisambai mwilini. Fundo la mishipa lastahili kuachiwa kasoro nyingine, ile ambayo ateri na vena husokotana na damu kupita kwa kasi. Neno lililo karibu zaidi ni kishada, kama kishada cha zabibu: vitu vidogo vingi, kila kimoja na ukuta wake, vimeshikamana pasipo kusokotana. Kishada cha mapango ya damu chaeleza umbo, chaeleza kilichomo, wala hakihitaji neno mshipa.

Jina halimponyi mtu. Hata hivyo, aliyeambiwa ana uvimbe aweza kudai kisu asichokihitaji, na aliyeambiwa ana kifafa tu aweza kukaa miaka bila ya kupimwa ubongo. Kuwakinga wote wawili ni kazi ya tabibu, na pia ya mtunga istilahi.