Lenzi ya kupandikizwa huondoa miwani, haiondoi haja ya kupimwa macho

Mwanafunzi wa Ndera, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, anayekodoa macho ili asome ubaoni huenda si mvivu wala mzito wa kuelewa. Huenda haoni mbali. Hali hiyo hutokea mboni ya jicho inapokuwa ndefu kupita kiasi, au konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inapopinda mno. Mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na vitu vya mbali huonekana kwa ukungu.

Miwani hurekebisha njia ya mwanga huo. Upasuaji wa leza nao huipunguza konea na kuipa umbo jipya. Hata hivyo, kwa mwenye tatizo kubwa au konea nyembamba, leza huweza kuidhoofisha konea hiyo. Hapo ndipo lenzi ya kupandikizwa inapofikiriwa.

Daktari bingwa hupasua tundu dogo, akaingiza lenzi laini iliyokunjwa, kisha akaiweka nyuma ya duara lenye rangi la jicho, mbele ya lenzi ya asili. Hiyo ya asili haiguswi. Hapa ndipo ilipo tofauti na upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao huiondoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, kazi iliyoanzishwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949.

Nchini Marekani, lenzi ya aina hii iliidhinishwa mwaka 2005 kwa watu wenye umri wa miaka 21 hadi 45. Kikomo cha chini kina sababu: jicho la kijana bado hubadilika, na lenzi inayomfaa leo huenda isimfae kesho. Kabla ya upasuaji hupimwa kina cha nafasi ndani ya jicho na wingi wa chembe za konea. Nafasi ikiwa finyu, presha ya jicho huweza kupanda, na lenzi ya asili huweza kupata ukungu.

Jambo moja husahaulika. Lenzi hii hurekebisha uoni, haifupishi jicho. Jicho refu hubaki refu, na retina yake iliyovutwa hubaki katika hatari ya kuchanika au kubanduka. Aliyevua miwani bado anahitaji kupimwa mara kwa mara. Akiona vimulimuli vya ghafla, vidoadoa vingi au kivuli kama pazia, amwone daktari siku hiyo hiyo.

Kwa wengi, hata hivyo, safari haianzii kwenye chumba cha upasuaji. Kati ya mwaka 2012 na 2017, Wizara ya Afya ya Rwanda, ikishirikiana na shirika la Vision for a Nation, iliwafunza wauguzi zaidi ya 2,500 huduma ya msingi ya macho, na kuifikisha katika vituo vya afya nchini kote. Muuguzi hupima uoni na humpeleka hospitalini anayehitaji uchunguzi zaidi.

Kwa mtoto anayekodoa macho, kipimo hicho na miwani inayomfaa ndiyo tiba ya kwanza. Lenzi ya kupandikizwa inaweza kusubiri utu uzima, masomo hayasubiri.