Kuogelea na Sili: Hatari Iliyomo katika Mate

Sili ni mnyama wa baharini anyonyeshaye watoto wake na avutaye hewa kwa mapafu kama mwanadamu. Karibu na mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini, wako sili wengi wenye manyoya mazito, na wasafiri huvaa nguo za mpira ili kuogelea miongoni mwao katika maji baridi. Sili mwenye afya ni mdadisi, lakini kwa kawaida hamshambulii mtu majini.

Mwaka 2024 ilithibitishwa kwamba baadhi ya sili wa pwani hiyo walikuwa na kichaa cha mbwa. Kabla ya hapo ugonjwa huo ulikuwa umeonekana kwa sili mmoja tu, huko Svalbard, Norway, mwaka 1980. Uchunguzi ulionyesha kuwa virusi vyao ni vya jamii moja na vile vya bweha, wanyama ambao huwinda watoto wa sili ufukoni.

Virusi hivyo hukaa katika mate. Mnyama mgonjwa aumapo, huingia jerahani, kisha husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikianza, kifo karibu hakiepukiki. Kabla ya hapo, chanjo huokoa maisha.

Kwa hiyo aliyeumwa, hata kama jeraha ni dogo, hana budi kuliosha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kanuni ni ile ile, aliyeuma awe sili wa mbali au mbwa wa kijijini.