Ramu za mitambo ya mbao: Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa

Ukiingia dukani kununua chupa ya ramu ya kumzawadia mtu mzima, utatazama nini kwanza? Ikiwa u kama mimi, utatazama tarakimu. Kuna chupa iliyoandikwa 8, nyingine 12, nyingine 15. Na kule juu rafuni, karibu na dari, imekaa ile yenye tarakimu kubwa kuliko zote na bei ya kukutoa jasho.

Mzee mmoja wa ukoo wetu alipostaafu, nilijinyima nikamnunulia hiyo ya juu. Mzee huyu alikuwa mpishi katika meli za mizigo kwa miaka mingi, na bandari za Karibea anazijua kama wewe unavyovijua vituo vya matatu. Alinishukuru, akamimina kidogo, akanusa, akaonja, kisha akatabasamu kwa huruma. Hakunisema. Aliinuka akaenda kabatini na kurudi na vichupa vitatu alivyoletewa na baharia mwenzake kutoka London. Kila kimoja kilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: Port Mourant, Versailles, Enmore. Ramu zote tatu zilikuwa zimekaa pipani zaidi ya miaka 10. Akapanga glasi mezani na kuniambia nisiseme neno mpaka nimezinusa zote.

Siku hiyo nilitambua kwamba nilikuwa nimelipia miaka bila kuuliza swali la kwanza: ramu hii ilitoka katika mtambo gani?

MVUKE NA MBAO

Ramu ni mtoto wa muwa. Nchi nyingi huitengeneza kwa molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki sukari ikishatolewa, ambao wafugaji wetu huwachanganyia ng'ombe chakulani. Molasi hutiwa maji na hamira, ikachachuka hadi ikawa pombe hafifu. Kisha pombe hiyo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukanaswa na kupozwa. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia huwa na pombe nyingi kuliko maji.

Mitambo ya kazi hii ni ya namna mbili. Wa kwanza ni chungu kikubwa kinachojazwa, kikachemshwa, kikamwagwa, kisha kazi ikaanza upya. Chungu huiachia ramu harufu nyingi na uzito. Wa pili ni mnara ambao pombe hupita ndani yake bila kukoma, ukatoa kinywaji chepesi zaidi. Aina moja maarufu ya mnara huo ilisajiliwa mwaka 1830 na Aeneas Coffey, mtu wa Ireland aliyekuwa afisa wa ushuru wa pombe.

Kwa kawaida mitambo hii hujengwa kwa shaba au chuma. Lakini huko Guyana, kaskazini mwa Amerika Kusini, wapo wakongwe watatu waliojengwa kwa mbao. Naam, mbao! Wametengenezwa kwa greenheart, mti wa huko ulio mgumu ajabu, na mvuke hupita katika mbao hizo mwaka baada ya mwaka.

Guyana ilikuwa koloni la Uingereza hadi 1966, miaka mitatu baada ya sisi kujinyakulia uhuru. Zamani mashamba yake ya miwa yalikuwa na mitambo yao wenyewe, na kila shamba likawa na ladha yake. Mashamba yalipounganishwa na viwanda kufungwa kimoja baada ya kingine, mitambo mingi ilipotea. Hii mitatu iliokolewa. Ilihamishwa kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na leo yote imo katika kiwanda cha Diamond, kando ya mto Demerara, mali ya kampuni ya Demerara Distillers inayouza ramu kwa jina El Dorado.

Usidhani waliihifadhi kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale tu. Wanunuzi walizoea ladha fulani, na ladha hiyo haikupatikana katika mtambo mwingine. Ubao ukichakaa, mafundi huutoa huo tu na kutia mpya, mtambo ukaendelea kuishi.

GLASI TATU

Sasa tuonje. Glasi ya kwanza ilikuwa ya Port Mourant, mtambo wa vyungu viwili vya mbao vilivyounganishwa, mvuke wa kimoja ukiingia katika kingine. Kampuni husema asili yake ni mwaka 1732. Niliponusa nilikumbuka shamari, zile mbegu ambazo mikahawa ya Kihindi hukupa utafune baada ya chakula. Nyuma yake kulikuwa na zabibu kavu na kitu cheusi kizito kama sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Ramu hii ilikuwa sehemu ya ile iliyogawiwa mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza kila siku, desturi iliyokomeshwa tarehe 31 Julai, 1970.

Glasi ya pili ilikuwa ya Versailles, mtambo wa chungu kimoja cha mbao. Hii haikunichekea. Ilinuka udongo baada ya mvua, njugu za kukaangwa na ngozi ya kiatu kipya. Mdomoni ilikuwa kavu, nzito, karibu na mchuzi wa nyama. Mzee alisema wengi huikunjia uso mara ya kwanza, na ndiyo sababu aghalabu huchanganywa na nyingine ili izipe nguvu.

Ya tatu ilikuwa ya Enmore, mnara wa Coffey uliojengwa kwa mbao mwaka 1880, ambao huhesabiwa kuwa wa mwisho wa aina yake unaofanya kazi. Hapa nilirudi darasa la tatu, kwani ilinuka penseli iliyochongwa sasa hivi! Kisha yakafuata maganda ya chungwa na asali. Ilikuwa nyepesi kuliko wenzake, lakini ilibaki ulimini muda mrefu.

Fikiria jambo hili, msomaji. Zote tatu ni za nchi moja na zimetokana na molasi. Hata hivyo zilitofautiana kama ndugu wa mama mmoja waliolelewa katika nyumba tatu. Ukitaka kuzikuta pamoja, El Dorado ya miaka 15 ni mchanganyiko wenye ramu za mitambo yote mitatu, pamoja na ya mnara wa chuma. Ukishazijua moja moja, utaitambua shamari ya Port Mourant ikipita humo kama sauti ya mtu unayemjua katika kwaya.

Jamaika nako wanajivunia vyungu vya shaba. Mashamba kama Hampden huacha molasi ichachuke siku nyingi, na ramu yake hunuka ndizi iliyoiva kupita kiasi na nanasi. Anayeijua hawezi kuifananisha na ya Guyana hata umfunge macho.

JASHO LA NANI?

Glasi hizi zina historia ambayo si tamu. Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa ndio walioyalima mashamba hayo kwanza. Mwaka 1763 watumwa wa Berbice, eneo ambamo Port Mourant imo, waliasi wakiongozwa na Cuffy, ambaye leo ni shujaa wa taifa. Kuanzia 1838, utumwa ulipokwisha, waliletwa vibarua wa mikataba kutoka India. Katika jamii hiyo, hapo Port Mourant, ndiko alikozaliwa Cheddi Jagan mwaka 1918, aliyekuja kuwa rais wa Guyana.

Na Enmore je? Tarehe 16 Juni, 1948, polisi wa mkoloni waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa miwa waliokuwa wamegoma huko, wakawaua watano. Kiwanda cha sukari cha Enmore chenyewe kilifungwa mwaka 2017, na wafanyakazi wakabaki bila ajira. Sisi tulioona mashine za Mumias zikinyamaza na wakulima wakihangaika na miwa yao twajua maana ya jambo hilo. Shamba limebaki jina, lakini ladha yake ingali inatoka katika mtambo wa mbao ulio mbali na nyumbani. Siku mtambo huo ukivunjwa, hakuna kitabu kitakachoweza kumweleza mjukuu ilivyokuwa.

TARAKIMU ZINAVYODANGANYA

Turudi kwenye ile chupa yangu. Katika nchi kama Guyana, Jamaika na Barbados, tarakimu kwenye lebo huhesabu umri wa ramu changa kuliko zote zilizo ndani. Kwingineko, tarakimu yaweza kuwa umri wa ile kongwe kuliko zote hata kama ni kidogo tu, au ikawa pambo lisilohesabu chochote. Tafuta neno linalosema wazi kwamba hiyo ni miaka ya kukaa pipani.

Pili, uliza ilikaa wapi. Kwenye joto la Karibea, pipa hupoteza asilimia 6 hivi ya kilichomo kila mwaka kwa kuvukiza. Kwenye baridi ya Uskoti hupoteza asilimia 2 hivi. Kwa hesabu hiyo, pipa la lita 200 likikaa Guyana miaka 15 hubaki na lita 80 tu. Kinachobaki kimekolea upesi, na ndiyo sababu ramu ya joto haihitaji tarakimu kubwa ili iwe imekomaa.

Tatu, jihadhari na utamu. Mvuke haubebi sukari, kwa hiyo ramu itokayo mtamboni haina sukari. Watengenezaji wengine huiongeza baadaye ili kulainisha makali. Ile yangu ilikuwa tamu kama sharubati, na huo utamu ndio uliomfanya mzee atabasamu.

Ukitaka kulinganisha nyumbani, wewe uliyetimiza miaka 18, mimina vijiko viwili tu kwa kila glasi, na glasi zisizidi tatu. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, usizamishe pua. Onja tone, kisha tia matone ya maji uonje tena. Kula mkate na unywe maji katikati. Funguo za gari mpe asiyeonja. Wanafunzi ambao hamjafika umri huo, historia na kemia vyawatosha kwa leo.

Tulipomaliza, mzee alikataa glasi zisioshwe. Asubuhi aliniita nizinuse zikiwa tupu na kavu. Ile ya zawadi yangu ilikuwa inanata na haikunuka kitu. Ile ya Port Mourant ilikuwa bado na shamari yake, kana kwamba imemiminwa dakika hiyo.

Chupa yangu haikupotea bure. Mama watoto aliitumia kulowekea zabibu za keki ya Krismasi, na keki ilisifiwa sana. Lakini siku nyingine nikitumwa dukani, sitainua macho kwenye rafu ya juu kabla sijasoma jina la mtambo.