Nyumba Njema si Mlango

Mtu wa pwani aendaye Kibera, Nairobi, hupokewa na mabati yaliyoshika kutu, akadhani pale hapana ujenzi wa kutajwa. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku moja baada ya sala ya alasiri nilipopita mtaa wa Makina nikapiga hodi katika nyumba ya Wanubi.

Mbele palikuwa na baraza ya udongo. Mlango ulipofunguliwa niliona ushoroba ulionyooka hadi nyuma, vyumba vimejipanga kuume na kushoto. Mwisho wake ni uani: jiko, choo, mti wa kivuli na akina mama wakisuka. Nikacheka peke yangu. Je, hii si nyumba ya Majengo, Mombasa? Mgeni hukomea barazani, na sitara ya wanawake ikalindwa nyuma, kama vile daka la nyumba za mawe za Lamu linavyomzuia mpita njia asione ndani.

"Karibu, mwanangu," alisema bibi mwenye nyumba. "Ukuta huu nimeukandika hata mikono imechoka."

Kwa nini ukandikwe miaka yote, usijengwe kwa mawe? Hapo ndipo penye kisa. Wanubi ni kizazi cha askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Mwaka 1918 walitengewa rasmi ekari 4,197 mahali hapa, nao wakapaita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Lakini hati hawakupewa. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji wa kuondolewa wakati wowote, ikawakataza nyumba za kudumu. Basi, ndugu msomaji, udongo ule si ujinga wa fundi. Fundi alijua, sheria ndiyo iliyomfunga mikono. Akabakiwa na mpango wa nyumba, akauhifadhi kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo sura.

Nilipofika Kawangware niliona vyumba vya kupangisha, safu mbili zikitazamana, katikati kijia chembamba cha kuanikia nguo. Baraza hapana, uani hapana. Aliyejenga alihesabu kodi, sitara hakuihesabu.

Juni 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Hata sehemu moja ya kumi na nne ya zile za kwanza haifiki, lakini alhamdulillahi. Na Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule Kibera kupisha barabara, tukakumbushwa ukuta usio na hati una nguvu gani.

Sasa mwenye hati aweza kujenga kwa mawe. Hofu yangu ni kwamba saruji itaingia na baraza itoke. Nawaomba mafundi wa Kibra: badilisheni ukuta, msibadilishe nyumba. Uzuri wake haukuwa katika udongo, wala hautakuwa katika saruji. Wahenga walikwisha kunena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.