Bunduki ya Askari na Bunduki ya Raia: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kununua

Wakazi wa mji wa Moshi na wa vijiji vya mlimani, kuanzia Marangu na Machame hadi Siha, hutuuliza swali linaloonekana jepesi: je, bunduki iitwayo "ya kiraia", inayofanana kwa sura na ile ya askari, ni silaha ileile au ni nyingine? Huuliza mfanyabiashara anayefunga duka usiku akiwa na fedha za mauzo, na mkulima ambaye tembo wameingia shambani mwake. Mara nyingi nyuma ya swali yupo muuzaji aliyenong'ona kwamba "hii si ya jeshi, ni nusu otomatiki tu, haina shida." Tunaeleza hapa maana halisi ya maneno hayo, kwa kuwa anayeyaelewa vibaya anaweza kupoteza fedha zake na uhuru wake kwa pamoja.

Silaha hutambuliwa kwa utendaji wake

Tunamwomba msomaji aweke kando rangi, umbo na ukubwa, ajiulize jambo moja: baada ya risasi ya kwanza kutoka, ni nini kinachoiingiza ya pili?

Katika bunduki ya kukoki kwa mkono, mpigaji mwenyewe huvuta komeo, hutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Raifeli nyingi za wawindaji ni za aina hii.

Katika bunduki ya nusu otomatiki, nguvu ya mlipuko wa baruti ndiyo inayorudisha komeo nyuma, kutupa ganda na kupakia risasi mpya. Kazi ya mpigaji ni kuachia kifyatulio na kukivuta tena. Kila mvuto hutoa risasi moja.

Katika bunduki ya otomatiki, ambayo wengi huiita rashasha, risasi huendelea kutoka kwa mfululizo maadamu kidole kimeshikilia kifyatulio na risasi hazijaisha.

SMG na SAR

Mfano ulio karibu nasi ni silaha mbili ambazo Watanzania wengi huzisikia katika habari. SMG, kwa matumizi ya hapa nchini, ni bunduki ya jamii ya Kalashnikov, iliyobuniwa katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1947. Ina swichi pembeni: upande mmoja hutoa risasi mojamoja, upande mwingine hutoa mfululizo. Kisanduku chake cha kawaida, kiitwacho magazini, huchukua risasi 30, nazo zaweza kuisha kwa muda wa sekunde tatu hivi. SAR ni jina litumikalo kwa bunduki ya nusu otomatiki ya jamii ya Simonov. Kisanduku chake huchukua risasi 10, nayo hutoa risasi mojamoja tu.

Hata hivyo, zote mbili hutumia risasi ya aina moja, yenye kipenyo cha milimita 7.62, na zote mbili zilibuniwa kwa ajili ya jeshi. SAR haikuwahi kuwa silaha "ya kiraia" kwa sababu tu haitoi mfululizo. Huko Marekani hali ni tofauti kidogo: bunduki ya AR-15 huuzwa kwa raia ikiwa nusu otomatiki, ilhali M16 ya jeshi, inayofanana nayo sana, ina uwezo wa mfululizo. Tofauti iko katika vipande vichache vya chuma ndani ya mtambo wa kifyatulio. Risasi ni ileile, na jeraha ni lilelile.

Historia ya mkoa wetu nayo inafundisha. Mwezi Machi 1916, majeshi ya Uingereza yalipoiteka Moshi kutoka kwa Wajerumani, raifeli walizobeba askari wa miguu wa pande zote mbili zilikuwa za kukoki kwa mkono. Raifeli ya Mauser ya mwaka 1898, iliyokuwa ya jeshi la Kijerumani, baadaye ikawa kielelezo cha raifeli nyingi za uwindaji. Kwa hiyo nusu otomatiki inayoitwa "ya kiraia" leo hutoa risasi kwa kasi kuliko raifeli ya mwanajeshi wa siku zile.

Sheria inasemaje

Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kuwakataza raia kabisa kumiliki bunduki za rashasha, pamoja na raifeli za otomatiki na za nusu otomatiki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inazikataza silaha za aina hizo katika uwindaji. Aidha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki silaha ya moto bila leseni. Shauri la kumiliki silaha isivyo halali huweza kuendeshwa kama kosa la uhujumu uchumi, na mnunuzi hawezi kujitetea kwa kusema kuwa muuzaji alimdanganya.

Risasi haiishii kwenye mpaka wa kihamba

Mlimani nyumba zimekaribiana, zikitenganishwa na migomba na kahawa. Mgomba hauzuii risasi ya raifeli, wala ukuta wa mbao. Risasi ya SMG au SAR iliyokosa shabaha yaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili, ikavuka kihamba cha jirani, njia ya wanafunzi na hata korongo. Marisau ya shotigani huishiwa nguvu mapema zaidi, ingawa kwa karibu nayo huua. Anayenunua silaha kwa ajili ya kuilinda familia yake hana budi kuifikiria pia familia iliyo nyuma ya shabaha.

Tunashauri

1. Usikubali maneno "ya kiraia" au "nusu otomatiki tu" kuwa uthibitisho wa uhalali. Uliza Polisi kabla ya kutoa fedha yoyote.

2. Anza na maombi ya leseni, kupitia uongozi wa mtaa au kijiji chako na kituo cha polisi, kisha ndipo utafute silaha. Usinunue kwanza ukitarajia kuihalalisha baadaye.

3. Ukikuta bunduki katika mali za marehemu, usiirithishe kwa kikao cha ukoo. Iache ilipo, zuia watoto wasiifikie, na utoe taarifa Polisi mara moja.

4. Tembo au wanyama wengine wakivamia shamba, waite askari wa wanyamapori kupitia ofisi ya kijiji.

5. Ukiwa na silaha isiyo na leseni, fuatilia matangazo ya msamaha. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kwa usalimishaji wa silaha kwa hiari.

6. Ukitishiwa kwa silaha, au ukijua zinakouzwa kwa siri, piga simu namba 112.